Sura ya Nne: Kofia ya Kuchorwa

Kadi za besiboli zinazosifiwa sana Marekani ni zile zenye picha safi. Mchezaji amesimama kwenye nyasi, jezi imemkaa vizuri, nembo ya timu inasomeka na jua la Florida linamwangaza usoni. Sura hii haihusu kadi hizo. Inahusu kadi ambazo wauzaji huzisukumia kwenye boksi la pembeni, zile ambazo kofia ya mchezaji ina rangi kali isiyopatana na kivuli cha uso wake, nembo imekaa upande, na mabega yamepakwa rangi bapa isiyo na mkunjo hata mmoja. Ni kadi za wachezaji waliobadilishwa kati ya klabu na klabu. Naziheshimu kuliko zile nzuri, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue zilivyotengenezwa. Kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York, ilikuwa kampuni ya chingamu. Mwaka 1952 mfanyakazi wake Sy Berger alisanifu seti ya kadi 407 za wachezaji, zikauzwa kwa watoto ndani ya pakiti pamoja na kipande cha chingamu. Mwaka 1956 Topps ikamnunua mshindani wake mkubwa, Bowman, na tangu hapo hadi 1980 soko la kadi za pakiti likawa karibu lote mikononi mwake. Kwa hiyo ukitaka kujua nyuso za wachezaji wa miaka hiyo zilivyowafikia watoto wa Marekani, Topps ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Tatizo la Topps lilikuwa kalenda. Picha nyingi zilipigwa kwenye kambi za mazoezi za Florida na Arizona mwanzoni mwa mwaka, au kwenye viwanja vya New York msimu ukiendelea. Kadi zilitayarishwa wakati wa baridi ili ziwe madukani msimu mpya ukianza. Na wakati huo huo wa baridi ndio wakuu wa klabu walikutana na kubadilishana wachezaji. Picha ilikuwa ya mwaka uliopita, kadi ilikuwa ya mwaka unaokuja, na katikati yake mtu alikuwa ameshahamishwa.

Wapiga picha walijihami kwa njia rahisi: walimwomba mchezaji avue kofia kwa picha moja ya ziada. Kichwa kitupu kilichopigwa kwa karibu kingeweza kuwekwa chini ya jina la timu yoyote. Ndiyo sababu kadi nyingi za miaka ya 1960 zinaonyesha wanaume wazima wakikodoa macho juani vichwa wazi. Pale ambapo picha ya namna hiyo haikuwepo, kazi ilikwenda kwa mchoraji. Alichukua picha halisi, akafuta nembo ya zamani kwa rangi, akachora mpya kwa mkono, kisha ikapelekwa kuchapwa.

Chukua kadi ya namna hiyo uiangalie kwa kioo cha kukuza chini ya taa kali. Uso wa mchezaji utauona umevunjika kuwa vitone vidogo vya rangi, vyeusi vikiwa vingi chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya macho. Panda juu hadi kwenye kofia na vitone vinakuwa vya aina moja, vimetapakaa sawasawa, kwa sababu mchoraji aliweka rangi moja tu pale ambapo kitambaa kilikuwa na mishono, vumbi na jasho. Vitundu vya hewa vya kofia havipo. Herufi ya timu imechorwa kana kwamba kofia ni ubao, haifuati mviringo wa kichwa. Mara nyingi hata mstari wa nywele juu ya sikio umelambwa na brashi. Ukizoea kuona hayo, unaweza kumtambua mchezaji aliyehamishwa kabla hujasoma hata neno moja.

Topps haikuwa ya kwanza kupata shida hii. Katika seti ya kadi za tumbaku za mwaka 1909 hadi 1911, ambayo wakusanyaji huiita T206, Ray Demmitt na Bill O'Hara wana kadi za New York, na pia wana kadi zilizoandikwa St. Louis baada ya kuhama. Hizo za St. Louis zilitoka na tumbaku ya Polar Bear peke yake, na leo ni miongoni mwa kadi ngumu kabisa kupatikana katika seti nzima.

Msomaji anayejua hasira za mitaani siku mchezaji anapovuka kutoka Simba kwenda Yanga anaweza kudhani ameshaelewa yote. Lakini kuna tofauti kubwa. Katika besiboli ya Marekani ya wakati huo, mchezaji hakuvuka, alivushwa. Kila mkataba ulikuwa na kifungu cha kumhodhi: msimu ukiisha, klabu ilibaki na haki juu yake, mwaka baada ya mwaka, hadi yenyewe imuuze, imbadilishe au imfukuze. Hakuulizwa. Na tangu mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba besiboli haiguswi na sheria za kuzuia uhodhi wa biashara.

Sasa tuweke kadi mezani.

Tarehe 15 Juni 1964, Chicago Cubs walimtoa kijana Lou Brock kwa St. Louis Cardinals, na mtu mkuu waliyempata ni mrushaji Ernie Broglio, aliyekuwa ameshinda mechi 18 mwaka uliotangulia. Chicago walijiona wamepata dili. Kadi ya Brock ya 1964, namba 29, inamwonyesha akiwa wa Cubs, na watoto waliinunua huku mwenyewe akikimbia beisi St. Louis. Mwaka huo huo Cardinals wakatwaa ubingwa wa dunia, na Brock alipostaafu alikuwa ameiba beisi 938. Broglio alikuwa na mkono mgonjwa. Aliishindia Cubs mechi saba tu, na ikafika mahali jina lake likatajwa tu kama mfano wa biashara mbovu. Kwangu, kadi ya Broglio ya 1965 akiwa wa Cubs ina uzito sawa na ya Brock. Huwezi kuielewa moja bila nyingine, na wanaokusanya za washindi peke yake wananunua nusu ya habari. Wenyewe wawili waliishia kuwa marafiki.

Kwenye timu ile ya Cardinals ya 1964, mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje aliitwa Curt Flood.

Flood alizaliwa Houston mwaka 1938 na kukulia Oakland. Cincinnati walimtoa kwa St. Louis akiwa na miaka 19, na kadi yake ya kwanza ya Topps, ya 1958, tayari ni ya Cardinals. Alikaa huko misimu 12. Kuanzia 1963 hadi 1969 alichukua tuzo ya ulinzi ya Gold Glove kila mwaka, mara saba mfululizo. Alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, pesa nyingi kwa wakati ule, na alikuwa na maisha na biashara mjini. Tarehe 7 Oktoba 1969, Cardinals na Phillies wa Philadelphia wakabadilishana wachezaji saba, na jina lake likiwamo. Habari alipewa kwa simu na mtu wa ofisini.

Alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akimwambia kwamba baada ya miaka 12 ligi kuu hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anachotaka yeye. Kuhn alimkatalia, na Flood akaenda mahakamani. Mtangazaji Howard Cosell alipomkumbusha ukubwa wa mshahara wake, Flood alijibu kwamba mtumwa, hata akilipwa vizuri, ni mtumwa tu. Jackie Robinson, aliyefungua mlango wa ligi kuu kwa watu weusi mwaka 1947, alikwenda kumtolea ushahidi. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyejitokeza.

Msimu wa 1970 ukaanza. Flood hakuvaa jezi ya Philadelphia siku hata moja. Aliukaa nje msimu mzima. Na ndani ya pakiti za chingamu, katika maduka ya nchi nzima, ilikuwapo kadi namba 360: Curt Flood, Phillies.

Nimeishika kadi hii mara nyingi na bado inanisimamisha. Mpaka wa kijivu, kama kadi zote za mwaka huo, na jina la timu limechapwa bila wasiwasi wowote. Kampuni haikusema uongo kwa makusudi. Iliandika kile ambacho kalamu za klabu zilikuwa zimeandika, kwamba mtu huyu ni wa Philadelphia. Kwa mujibu wa makaratasi alikuwa wao. Kwa mujibu wa mwenyewe hakuwa wa mtu. Hakuna picha ya gazeti wala kitabu cha sheria kinachouonyesha mgogoro ule kwa ufupi namna hii, na kadi yenyewe inapatikana bado kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, kwa sababu soko hulipia mabao na ubingwa kuliko linavyolipia ujasiri.

Kando yake weka kadi namba 40 ya mwaka huo huo. Ni ya mtu aliyekwenda upande wa pili wa biashara ile, ambaye Topps walimwandika Rich Allen ilhali yeye alitaka kuitwa Dick. Allen alikuwa akiteswa na mashabiki wa Philadelphia. Walimzomea kwa matusi ya rangi na kumrushia vitu hadi akaanza kuvaa helmeti hata anapokuwa ulinzini. Alitamani kuondoka. Kwake biashara ile ile iliyomvunja Flood ilikuwa mlango wa kutokea. Hapo ndipo wanaosema kubadilishwa ni ukatili tupu, na wanaosema ni sehemu ya kazi, wote wawili hukwama. Ubaya ni kwamba si Flood wala Allen aliyekuwa na ufunguo.

Na safari ya Allen haikuishia hapo. Kadi zake za 1969 hadi 1972, ukizipanga mstari mmoja, zina timu nne: Phillies, Cardinals, Dodgers, White Sox. Mwaka wa mwisho kati ya hiyo akawa mchezaji bora wa ligi yake, American League. Ilichukua hadi Desemba 2024, akiwa ameshafariki, kuchaguliwa kuingia katika jumba la magwiji wa besiboli. Sijui mstari wa kadi nne unaoeleza kwa wazi kuliko huu jinsi kipaji kilivyoweza kupitishwa mkono kwa mkono.

Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu dhidi ya Flood, kwa kura 5 kwa 3. Jaji Harry Blackmun, aliyeandika hukumu, alianza kwa kuisifu historia ya mchezo na kutaja orodha ndefu ya majina ya wachezaji wa zamani, kisha akauacha uamuzi wa 1922 usimame. Flood alikuwa ameshajaribu kurudi uwanjani mwaka 1971 na Washington Senators. Alicheza mechi 13 akaondoka. Kadi ya mwaka ule, namba 535, ndiyo inayomwonyesha na timu ya Washington.

Mwaka huo huo wa hukumu, Topps walifanya jambo jipya. Seti ya 1972 ilikuwa ya kadi 787, ikitolewa kwa awamu msimu ukiendelea, na katika awamu ya mwisho wakaweka kadi saba, namba 751 hadi 757, zenye neno TRADED kwa herufi kubwa juu ya picha: Steve Carlton, Joe Morgan, Denny McLain, Frank Robinson, Jim Fregosi, Rick Wise na Jose Cardenal. Badala ya kuificha biashara chini ya rangi, waliitangaza. Awamu ya mwisho ilichapwa kwa uchache, watoto walikuwa wameshageukia mambo mengine, kwa hiyo hizi si rahisi kuzipata zikiwa na pembe kali.

Carlton na Wise ndio ninaowapenda zaidi humo, kwa sababu walibadilishwa wao kwa wao, mtu kwa mtu, mwezi Februari 1972, kila mmoja akiwa anagombana na klabu yake juu ya mshahara. Wise hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1971 aliwahi kuwanyima wapinzani pigo hata moja katika mechi nzima, na katika mechi hiyo hiyo mwenyewe akaupeleka mpira nje ya uwanja mara mbili. Lakini Carlton alipofika Philadelphia, timu mbovu iliyoshinda mechi 59 tu msimu mzima, alishinda 27 kati ya hizo peke yake. Cardinals walimtoa kwa sababu hawakutaka kuongeza pesa.

Fregosi naye ana kisa chake. Topps walimpa kadi ya TRADED kwa kuwa alikuwa jina kubwa lililokwenda New York Mets. Mmoja wa vijana wanne waliotolewa kumlipia hakupata heshima hiyo, kadi yake ya kawaida ilikuwa imeshaandikwa Angels bila makelele. Aliitwa Nolan Ryan, na kabla ya kustaafu aliwatoa wapigaji 5,714 kwa kukosa mpira mara tatu, rekodi ambayo haijaguswa. Ukurasa wa albamu una mifuko tisa. Ziweke zile saba, mfuko wa nane mpe Ryan, wa tisa mpe Allen wa White Sox, aliyehamishwa baridi ile ile. Nimeona kurasa za gharama kubwa zaidi, lakini sijaona nyingi zenye mengi ya kusoma.

Mwaka 1974 Topps waliacha kutoa kadi kwa awamu, wakatoa zote 660 kwa mkupuo. Hilo lilizidisha hatari ya kukosea. Waliandika Washington kwenye baadhi ya kadi za San Diego Padres wakiamini timu inahama, kisha Ray Kroc, tajiri wa McDonald's, akainunua na kuibakiza pale pale. Ili kufidia uhamisho wa wachezaji, walichapa seti ndogo ya nyongeza yenye wachezaji 43 na orodha moja, habari ya uhamisho ikiwa imeandikwa nyuma mithili ya gazeti. Waliirudia mwaka 1976.

Katika hiyo ya 1974, tafuta kadi namba 270T, Ron Santo. Alikuwa amecheza Chicago Cubs tangu 1960, huku akiwa na kisukari alichokificha kwa miaka. Mwishoni mwa 1973 Cubs walimtoa kwa California Angels, na Santo akasema hapana. Safari hii hapana yake ilikuwa na nguvu. Katika makubaliano ya mwaka ule, chama cha wachezaji kilikuwa kimepata haki mpya: mwenye miaka 10 ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Flood angekuwa nayo miaka minne kabla, asingehitaji mahakama. Santo akawa wa kwanza kuitumia. Alikubali kwenda White Sox, upande wa pili wa jiji hilo hilo, akalala nyumbani kwake. Kadi ina neno lile lile la TRADED kama za wengine wote, na mbele yake hakuna kitu kinachokuambia kwamba huyu aliridhia. Inabidi uwe unajua.

Ukuta wenyewe, kile kifungu cha kuhodhi, ulianguka Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza msimu bila kusaini mkataba mpya, wako huru. Mwaka uliofuata Reggie Jackson alitolewa Oakland kwenda Baltimore Orioles, akacheza msimu mmoja, kisha mwezi Novemba akawa huru na kuchagua New York Yankees kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya karibu dola milioni tatu.

Topps walikuwa na picha yake akiwa Baltimore tu. Kadi namba 10 ya mwaka 1977 ni ile picha ya Orioles iliyopakwa rangi za Yankees. Kwa kuwa kadi yake ya 1976 ilikuwa bado ya Oakland, mwaka wa Baltimore haukupata kadi ya kawaida ya Topps hata moja. Zimebaki nakala chache za majaribio zenye jezi ya Orioles, na wenye fedha huzigombania.

Kadi iliyofuata, ya 1978, ina picha yake halisi akiwa Yankees, baada ya usiku ule wa tarehe 18 Oktoba 1977 alipoupeleka mpira nje ya uwanja mara tatu na kuipa timu ubingwa. Ni kadi nzuri, kila mtu anaitaka. Mimi nikiulizwa na anayeanza kukusanya, humwambia anunue kwanza ya 1977, ile ya kofia ya kuchorwa, kisha atafute Flood wa 1970 aiweke kushoto kwake.